Hata Mchemsha Chai Aliandikwa

Jumamosi moja ya Machi 2005, mnamo saa nne asubuhi, Mwanaharusi binti Othmani alikuwa akianika mashuka nyuma ya nyumba yake huko Bertrams, Johannesburg, aliposikia sauti ya mwanamke ikiimba Kiswahili kutoka chumba cha mpangaji.

Kiswahili chenyewe hakikumshtua. Mpangaji, Gustave, alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mpiga gitaa ambaye siku za kazi alinyoa watu nywele Yeoville, na chumba chake hakikuwahi kukosa muziki. Kilichomfanya Mwanaharusi ashike kamba ya nguo kwa mikono miwili ni maneno.

*Wilikinsoni ee sista,*
*deki nimepiga mbili,*
*na Idi umeninyima,*
*nawe wanuka kabichi.*

Nyuma ya maneno hayo kulikuwa na kinanda cha umeme kilichokwenda mbele kikarudi, gitaa linalopayuka, na ngoma za haraka zisizotaka kutulia. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuwa na maneno yale isipokuwa yeye. Aliyatunga mwenyewe, London, akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa hasira.

Aliacha shuka likining'inia upande mmoja, akaenda kugonga mlango.

"Gustave! Unapiga nini hicho?"

"Shikamoo, maman. Iko disque ya Bangereza, ya zamani sana, banaitoa mupya sasa. Sikia ule batteur, ule mupiga ngoma! Anahesabu saba, kisha anahesabu kumi na moja, haanguke."

"Zima. La, usizime. Irudishe mwanzo."

Gustave akairudisha. Mwanaharusi akakaa juu ya spika kubwa iliyokuwa karibu na mlango, vibanio vya nguo vikiwa bado mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni mimi," alisema.

Gustave akacheka kwa heshima, kama mtu anavyochekea mzaha wa mama mwenye nyumba. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka 1974 Mwanaharusi alikuwa mwanafunzi wa unesi katika hospitali moja ya London, amepelekwa na serikali kutoka Tanga. Msimamizi wa wodi yake aliitwa Sista Wilkinson. Siku ya Idi aliomba ruhusa ya nusu siku tu, akanyimwa, akaambiwa apige deki wodi nzima. Alipomaliza akaambiwa arudie. Kesho yake, akiosha vyombo katika jiko la nyumba aliyopanga, alikuwa akimwimbia Sista Wilkinson yale yote aliyoshindwa kumwambia usoni. Ghorofa ya juu alikaa kijana aitwaye Derek, mpiga gitaa la besi wa bendi iliyoitwa Ninth Kettle, yaani Birika la Tisa. Wazungu na majina yao. Derek alishuka ngazi mbio, akasimama mlangoni pa jiko akisikiliza, kisha akamwomba aende naye studio mchana uleule. Mwanaharusi alikwenda na sare ya unesi chini ya koti. Aliimba mara mbili, akapewa chai na keki kavu, akawahi zamu yake. Baadaye Derek alihama, na yeye hakujua kama wimbo ule ulitoka au ulitupwa.

Mwaka uliofuata alikutana na Zolile Mabandla, mkimbizi wa siasa kutoka Afrika Kusini. Wakaoana. Chama cha Zolile kilipompeleka Morogoro walikwenda wote, na huko Mwanaharusi alifanya unesi miaka kumi na minne na kumzaa binti yao, Nasra. Mwaka 1992 wakahamia Johannesburg. Zolile alikuwa amerudi nyumbani. Mkewe, mwenye cheti cha London, aliambiwa na ofisi ya kusajili manesi alete barua kutoka hospitali iliyomfundisha, na hospitali hiyo ilikuwa imeshavunjwa na kujengwa maduka. Basi akaishia kuwalisha na kuwaogesha wazee katika nyumba moja ya kutunza wazee, wenzake wakimwita "yule Mtanzania", hata wale aliokaa nao miaka kumi.

"Hebu nione hicho kijitabu," alimwambia Gustave.

Gustave akachomoa kijitabu kilichokuja na sidii. Albamu iliitwa Copper Weather, na jalada lilikuwa lilelile la zamani, anga la rangi ya shaba juu ya mabomba ya kiwanda. Mwanaharusi alivaa miwani akasoma. Majina ya wapigaji yote yalikuwepo: Colin Hartwell kwenye kinanda, marehemu Derek Lumb kwenye besi, na wengine watatu. Fundi wa mitambo aliandikwa. Aliyepiga picha ya jalada aliandikwa. Mwenye gari lililobeba vyombo aliandikwa. Chini yake pakaandikwa: "Chai: Maureen." Na chini ya Maureen, mbwa wa studio, jina lake Biscuit.

Kwenye wimbo wa nne paliandikwa: "Sauti: haijulikani. Wimbo wa jadi wa mazishi, pwani ya Afrika Mashariki. Umepangwa na Colin Hartwell."

Kurasa tatu mbele kulikuwa na maelezo marefu ya mtaalamu fulani wa muziki. Alisema kwamba katika maombolezo haya ya kale mwanamke anamwita Wilikinsoni, mzimu wa baharini, amrudishie mfu wake.

Mwanaharusi alisoma sentensi hiyo mara tatu. Kisha akaivua miwani.

"Mzimu wa baharini," alisema polepole. "Sista Wilkinson. Gustave, nipe maji."

Alipokwisha kunywa, Gustave akamwambia kwamba mwishoni mwa sidii kulikuwa na nyimbo mbili ambazo hazikuwemo kwenye santuri ya zamani, na moja ilikuwa ule wimbo wa nne uliorekodiwa mara ya pili. Akaipiga. Safari hii msichana wa kwenye sidii alikuwa na ubeti mwingine.

*Wilikinsoni ee sista,*
*kofia yako ya wanga*
*kichwani imesimama,*
*akili imesinzia.*

Vyombo vikazidi, vikapungua, vikakoma kimoja kimoja. Kabla utepe haujakatwa, ile sauti changa ikasema bila kuimba, kwa lafudhi ya Tanga ambayo Mwanaharusi hakujua kuwa alikuwa nayo nzito hivyo: "Mimi Mwanaharusi binti Othmani, mtoto wa Ngamiani, nimesema. Na kesho nitakuwa kazini."

Kijitabu kilisema: "Toleo hili linahitimishwa kwa baraka za kale."

Gustave alishika kichwa. "Maman, jina yako iko ndani! Batu ba dunia nzima banaisikia, hakuna anajua!"

"Sasa watajua," alisema Mwanaharusi.

Mchana ule alimwita Nasra, ambaye alikuwa na miaka ishirini na sita na kazi katika ofisi ya bima mjini. Nasra alizaliwa Morogoro lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia zaidi kuliko kusema. Mama yake alimtafsiria wimbo, na walipofika kwenye kabichi Nasra alilazimika kuketi kwa kucheka. Wakaandika barua pepe pamoja kwa kampuni iliyotoa albamu upya. Mwanaharusi alitaka mambo mawili tu, jina lake liandikwe kama mwimbaji, na liandikwe kama mtunzi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, aya moja yenye adabu. Kampuni ilishukuru kwa mapenzi yake kwa albamu ile. Ilieleza kwamba rekodi za zamani zinapotoka upya watu wengi hujitokeza wakiwa na kumbukumbu za aina mbalimbali. Ilisema wimbo huo ni wa jadi, hauna mtunzi, na ikamtakia kila la heri.

Zolile aliisoma barua ile mezani, akila. Alikuwa mtu mpole, mwenye nywele nyeupe na kazi ya serikali katika idara ya nyumba, na hakupenda makelele.

"Mama Nasra, iache," alisema. Kiswahili chake cha Morogoro kilikuwa bado safi, ila kwenye herufi chache ulimi ulirudi kwao. "Watasema unatafuta hela. Watasema hawa wageni, hawa makwerekwere, wamezidi. Kwani jina ni nini? Mimi miaka ishirini jina langu halikuandikwa popote. Tuliishi kwa majina ya bandia, wengine wamezikwa nayo. Hatukulalamika."

"Wewe jina lako ulilificha mwenyewe, Baba Nasra. Ulikuwa na sababu, na nilikuheshimu. Mimi langu nililitamka, tena kwa sauti. Wao ndio walioliacha nje."

"Ni wimbo mmoja."

"Wamemwandika mchemsha chai," alisema Mwanaharusi. "Wamemwandika mbwa. Mimi simwonei wivu mbwa, lakini siwezi kukaa chini yake."

Zolile aliinuka akaenda kuosha sahani yake, na kwa siku kadhaa hawakulitaja jambo lile.

Mwezi wa Juni Nasra alikuja na gazeti. Colin Hartwell, yule mpiga kinanda, alikuwa anakuja Johannesburg. Chama cha wapenzi wa jazi kilikuwa kimemwalika azungumzie Copper Weather katika ukumbi mmoja Newtown, Jumapili saa nane mchana, na watu wangeruhusiwa kuuliza maswali.

"Tutakwenda," alisema Mwanaharusi. Akampigia simu rafiki yake Kidawa.

Kidawa alikuwa Mzanzibari mwenye duka la vitambaa Yeoville, mwanamke mnene, asiyejua kunong'ona. Mwanaharusi hakumwambia chochote kuhusu wimbo. Alimwambia tu kuna muziki wa bure, avae vizuri. Hakutaka mtu aje akiwa amefundishwa la kusema.

Zolile aliwapeleka kwa gari, yeye, Nasra, Kidawa na Gustave. Kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, akasema yeye atabaki garini asome gazeti lake. Mwanaharusi alishuka bila kubishana, akajifunga kilemba upya mbele ya kioo cha gari, akaingia.

Ukumbi ulikuwa na watu kama themanini, wengi wanaume wa makamo, weupe kwa weusi, waliovaa fulana za bendi zilizokufa zamani. Kando ya mlango, Burhani, mwenye duka la muziki Fordsburg, alikuwa ameweka meza yenye katoni mbili za sidii. Colin Hartwell alikaa jukwaani na mwenyekiti wa chama. Alikuwa amekonda na kupauka, amevaa skafu shingoni ijapokuwa ndani hakukuwa na baridi. Mwanaharusi alijaribu kumkumbuka akashindwa. Siku ile studio alikuwa amewaona watu wenye nywele tu.

Hartwell alisimulia vizuri. Alieleza jinsi walivyokataa kupiga nyimbo fupi za redio, jinsi walivyokorofishana na kampuni, jinsi santuri ilivyouzwa kidogo ikafa. Watu walicheka palipostahili. Kisha akasema sasa wasikilize wimbo wa nne, ambao kwake ndio moyo wa albamu. Aliwaomba wafumbe macho, kwa sababu walichokuwa wanakwenda kusikia ni mama wa Kiafrika akimlilia mfu wake ufukweni.

Taa zikapunguzwa. Kinanda kikaanza. Watu themanini wakainamisha vichwa, na sauti ya Mwanaharusi wa miaka ishirini na miwili ikajaa ukumbini.

Kwenye mstari wa kwanza Kidawa alikunja uso. Kwenye wa pili akamgeukia Mwanaharusi. Kwenye wa tatu akaziba mdomo kwa kanga. Lilipofika neno kabichi, kanga haikutosha. Alicheka kicheko kilichopasuka na kupaa juu ya ngoma na magitaa, akajipiga paja, akasema kwa sauti ya dukani, "Kabichi! Wallahi kabichi! Nani huyu mtukanaji?"

Vichwa vikainuka. Mtu mmoja akasema shh. Mwingine akasema kwa Kiingereza kwamba huu ni wimbo wa mazishi, tafadhali, kuwe na heshima. Kidawa akafuta machozi, akamjibu kwa Kiingereza chake cha biashara: "Mazishi gani, kaka? Anamwambia mtu ananuka kabichi!"

Mwenyekiti akaamuru muziki uzimwe. Taa zikawashwa. Mwanaharusi alikuwa ameshasimama.

Alizungumza Kiingereza cha wodini, kile cha kumwambia daktari kwamba amekosea dozi.

"Naitwa Mwanaharusi. Aliyeimba hapo ni mimi. Rafiki yangu hana kosa, amecheka kwa sababu wimbo unachekesha. Nilikusudia uchekeshe."

Hartwell alitabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kuvumilia watu. "Bibi, nathamini sana hisia zako. Wengi huguswa na sauti ile."

"Sijaguswa. Mimi ndiye niliyeitoa. Nitawatafsiria, mstari kwa mstari." Akanyoosha kidole kimoja. "Wilikinsoni, wewe sista. Si mzimu. Wilkinson. Mna jina hilo kwenu?"

Mwingereza mmoja katika safu ya tatu alitoa sauti kama mtu aliyepaliwa na chai. Kisha wengine wakaelewa, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikazunguka ukumbi mzima. Hartwell peke yake hakucheka. Shingo yake ilikuwa imeiva juu ya skafu.

"Alikuwa msimamizi wa wodi yangu. Mstari wa pili, nimeshapiga deki mara mbili. Wa tatu, na umeninyima sikukuu yangu ya Idi. Wa nne mmeshaambiwa na rafiki yangu."

"Hilo linaweza kuwa..." Hartwell alisita. "Kiswahili kina lahaja nyingi. Na kwa heshima zote, tunajuaje kuwa ni wewe?"

Mwanaharusi alikuwa amelisubiri swali hilo tangu Machi. "Piga ule wimbo wa mwisho. Ule ambao mmeandika unamalizikia kwa baraka za kale. Usiukate, uache ufike mwisho."

Mwenyekiti alimtazama Hartwell. Burhani akasema kutoka mlangoni, "Ipigwe! Tumelipa kiingilio!" ingawa kiingilio hakikuwepo. Basi ikapigwa. Zilikuwa dakika saba, na watu wote walingoja wakiwa macho wazi. Gustave, aliyekuwa amekaa mwisho wa safu, alihesabu midundo kwa kidole. Vyombo vikapungua. Sauti ikasema, katika ukumbi uliokuwa kimya kabisa, mimi Mwanaharusi binti Othmani, mtoto wa Ngamiani, nimesema, na kesho nitakuwa kazini.

Watu hawakujua maneno mengine yote. Lakini jina walikuwa wamelisikia dakika kumi tu zilizopita, kutoka kwa mwanamke aliyesimama mbele yao, na walilisikia tena. Mwanaharusi alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake cha kijani cha Afrika Kusini, akakipitisha safu ya mbele. Kikaenda mkono kwa mkono mpaka jukwaani.

Hartwell alikiangalia muda mrefu. Aliponyanyua uso alionekana mzee zaidi kuliko alivyoingia.

"Kulikuwa na nesi," alisema kwa sauti ya chini, na maikrofoni ikaichukua. "Derek alimleta. Alikuwa na viatu vyeupe." Akakigeuza kitambulisho mkononi. "Hatukumuuliza jina. Tulikuwa vijana. Tuliona... sijui tuliona nini. Baadaye watu walikuwa wakiuliza ni wimbo gani, na mimi nikajibu kitu. Na nikaendelea kukijibu."

"Miaka thelathini," alisema Mwanaharusi.

"Samahani sana."

"Samahani nimeipokea. Lakini sikuja kuifuata. Nataka jina langu liandikwe, mwimbaji na mtunzi. Na lile neno jadi lifutwe. Babu zangu hawakumjua Sista Wilkinson."

Watu wakapiga makofi. Hartwell aliahidi mbele ya wote kuwa ataiambia kampuni. Ndipo Burhani alipokuja mbele akiwa amebeba katoni zake mbili, akaziweka jukwaani, akatoa kisu cha kufungulia na kalamu ya wino mweusi.

"Kampuni watachukua muda wao," alimwambia Mwanaharusi. "Hizi ni zangu, nimeshazinunua. Andika, dada. Johannesburg hapatauzwa isiyo na jina."

Mwanaharusi alikaa pembeni mwa jukwaa. Gustave alifungua, Nasra alitoa vijitabu, na yeye akaandika kwenye kila kimoja, ukurasa wa pili, juu ya Maureen na juu ya mbwa: Mwanaharusi binti Othmani, sauti na maneno. Vilikuwa arobaini. Foleni ilifika mlangoni. Kijitabu cha mwisho kilichukuliwa na Hartwell mwenyewe, ambaye alisimama kwenye foleni kama wengine na kulitamka jina la Mwanaharusi polepole mara mbili mpaka akalipatia.

Mwanaharusi alipoinua kichwa kunyoosha shingo alimwona Zolile. Alikuwa amesimama ukutani karibu na mlango, gazeti limekunjwa kwapani. Hakujua alikuwa ameingia saa ngapi.

Garini Zolile aliwasha injini, akaizima.

"Miaka thelathini nimekaa na wewe," alisema. "Hukuwahi kuniambia kuwa uliimba."

"Hukuwahi kuniuliza nilikuwa nani kabla yako. Ulikuwa na nchi ya kukomboa."

Nyuma, Kidawa alikuwa bado anacheka peke yake. Zolile aliushika usukani kwa muda. Kisha akasema, "Leo ningekuwa nimekosea kubaki nje," akaondoa gari. Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Kampuni ilichukua muda wake kweli. Agosti waliandika kwamba chapa itakayofuata itasema: "Sauti: inaaminika ni ya M. Othmani." Mwanaharusi alimwagiza Nasra ajibu siku hiyohiyo. Haiaminiki, inajulikana. Na M. ana herufi kumi na moja, wino wa kuziandika hautawafilisi. Hartwell naye aliandika kwao, kwa habari alizozipata Nasra, tena kwa ukali. Mtaalamu wa mzimu wa baharini hakuandika kwa mtu yeyote. Barua zilikwenda na kurudi mwaka na nusu. Zolile, ambaye aliwahi kusema iache, alianza kuzisoma kabla hazijatumwa na kuongeza makali pale aliposikia upole.

Katika nyumba ya wazee habari zilienea kupitia gazeti la mtaani. Mkuu wa zamu alimwita akamuuliza kama ni kweli. Mwanaharusi alisema ni kweli, na akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo angependa kuitwa jina lake. Si gumu, alisema, wazee wenu wa miaka tisini wamelishika. Wengi walijifunza. Wawili hawakujifunza, na wao aliacha kuwaitikia mpaka walipochoka.

Chapa mpya ilitoka Februari 2007. Jina lilikuwepo lote, na neno mtunzi lilikuwepo. Lile la jadi lilikuwa limeondoka. Lakini katika maelezo walikuwa wameacha maneno "sauti ya huzuni." Mwanaharusi aliyazungushia duara kwa kalamu na kumpa Nasra. "Andika," alisema. "Mwambie aliyeyaandika sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hasira. Aangalie kamusi."

Mwezi wa Aprili, Gustave na wenzake walipata nafasi ya kupiga kila Jumamosi mchana katika mkahawa mmoja Yeoville, wakamwomba aimbe. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Alikubali kwa sharti kwamba mazoezi yafanyike nyuma ya nyumba yake, ili asikilize sufuria yake jikoni.

Siku ya kwanza mkahawa ulijaa Wakongo, Watanzania, Warundi na vijana wa mtaani waliovutwa na kelele. Kidawa alikalia meza ya mbele pamoja na Zolile, aliyekuja amevaa koti. Mpiga ngoma alijaribu hesabu ya saba, akaanguka, akacheka, akaanza tena.

"Maman," Gustave alimwinamia, "tuanze na ile ya Londoni?"

"Ile nilishaisema," alisema Mwanaharusi, akaivuta maikrofoni karibu. "Leo nina ya ofisi moja ya hapa, inayotaka barua kutoka hospitali iliyovunjwa. Nipe sauti, usiniharakishe. Beti ni tisa."